Meza ya Fundi: Vidole Havina Kosa

Mwezi uliopita, katikati ya jibu la betri zinazovimba, nilidokeza kwamba simu ya mteja ikiwa inapakua programu mimi huwa napanga mchemraba wa Rubik, kile kichezeo cha rangi sita kinachovurugwa kisha kurudishwa mpaka kila upande uwe rangi moja. Nilidhani ni maneno ya kupita tu. Barua zilizokuja zimezidi za betri, basi leo simu zikae kando.

Kwa asiyenijua: meza yangu iko Mtaa wa Aggrey, Kariakoo. Mchemraba wangu wa kwanza sikuununua. Mwaka 2017 mteja mmoja alipungukiwa elfu nane ya mfumo wa chaji, akachukua simu yake na kuniachia mchemraba wa mwanawe kama amana, eti anarudi jioni. Jioni hiyo bado naisubiri. Leo wastani wangu ni sekunde 19. Ubingwa uko mbali, ila kila mahali mnapokwama nami nimepata kulala hapo.

*Shikamoo Fundi. Niko kidato cha tatu. Napanga kyubu kwa sekunde 48, lakini nimegota hapo tangu mwezi wa Ramadhani. Mazoezi nafanya kila siku, na vidole vyangu vina kasi kuliko vya wenzangu wote bwenini. Mjomba anakuja kutoka Dubai, kasema nichague zawadi. Nimwambie alete GAN? Nikiipata nitashuka hadi 30? — Vidole Vyepesi, Morogoro*

Marahaba, mdogo wangu. Zawadi ya mjomba haikataliwi, lakini hiyo GAN, mchemraba wa bei kali, haitakufikisha 30. Tupige hesabu kwanza.

Njia unayotumia, nadhani, ni ile ya safu kwa safu ambayo karibu kila mtu huanzia. Inakula mizunguko zaidi ya 100. Ipo njia inaitwa CFOP, ndiyo wanayotumia wengi wa wanaoshindana, na aliyeisambaza zaidi ni Jessica Fridrich, mzaliwa wa Ucheki. Yenyewe inakula mizunguko kama 60. Ukizungusha mara 3 kwa sekunde, mizunguko 60 inakwisha kwa sekunde 20. Mara 3 kwa sekunde si miujiza; kwa unavyovisifu vidole vyako, hiyo kwao ni mteremko. Hata kwa njia yako ya sasa, mizunguko 100 na kitu ingekwisha kwenye sekunde 35 au 40. Sasa zile zinazobaki zinakwenda wapi?

Nilipokuwa nimekwama 34, niliegemeza simu kwenye kikombe cha chai nikajirekodi, kisha nikaitazama ile video polepole huku nahesabu. Sekunde 13 nzima mchemraba ulikuwa umetulia mkononi kama embe. Naugeuza, nauchungulia chini, naurudisha, lakini hakuna upande hata mmoja unaozunguka. Nikajiona nilivyo: dereva wa daladala ya Mbagala. Kati ya kituo na kituo anapaa, akifika kituoni anazima injini anaita abiria. Mfungie injini mpya, Kariakoo atafika saa ileile.

Kwa hiyo nakupa kazi inayoudhi. Punguza kasi. Pakua metronomi yoyote ya bure kwenye simu, iweke mapigo 60 kwa dakika, na kila pigo uzungushe mara moja tu. Sharti ni kutosimama. Vidole vikiwa vinaingiza jozi ya kwanza, yaani kona ya rangi tatu na ukingo wake wa rangi mbili, macho yasivitazame, vinaijua njia. Macho yawe yameshaondoka kwenda kutafuta jozi inayofuata. Jicho litangulie mkono. Siku tatu za mwanzo utaona muda wako unapanda badala ya kushuka, na wenzako bwenini watakucheka. Waache. Ukiona mapigo 60 hayakusumbui, panda 70, kisha 80. Mimi nilikaa wiki mbili kwenye 60 kwa sababu ya ubishi.

Halafu msalaba, yaani kingo nne za rangi moja zinazozunguka kitovu chake, hatua ya kwanza ya kupanga. Kama bado unaupanga juu kisha unaupindua chini, acha leo. Upange ukiwa chini tangu mwanzo, hata kama huuoni, ili ukimaliza tu macho yako yawe tayari juu kwenye kazi inayofuata. Mchemraba uvurugwe utakavyovurugwa, msalaba hauhitaji zaidi ya mizunguko 8, na mara nyingi ni 6 au 7. Mashindanoni unapewa sekunde 15 za kutazama kabla ya kuanza. Tumia hizo hizo nyumbani: tazama, panga kichwani, fumba macho, zungusha, fumbua. Mazoezi haya nayafanyia kwenye pantoni ya Kigamboni. Kuna asubuhi mama mmoja aliniuliza kwa upole kama naomba dua.

Baada ya msalaba, usiingize kona peke yake kisha urudi kutafuta ukingo wake. Zikutanishe kwanza juu, kona na ukingo wake, zishikane rangi kwa rangi, kisha zishuke pamoja. Fikiria lifti: jozi imekaa juu mbele kushoto, unaupandisha upande wa kulia, unasukuma safu ya juu mpaka jozi ikae kwenye lifti, unaushusha. Mizunguko 3, vipande viwili vimefika nyumbani. Jinsi ya kuzikutanisha usikariri, kaa nazo uchezee mpaka uelewe kipande kinakwenda wapi na kwa nini. Kukariri hapa ndiko kunakowafanya watu wasimame, maana fomula, yaani mfuatano wa mizunguko uliokaririwa, ikikatika njiani hujui urudi vipi.

Fomula ziache kwa safu ya mwisho. Watakuambia ziko 57 za kufanya juu pawe rangi moja na 21 za kupeleka vipande mahali pake, jumla 78. Kweli ziko hizo. Lakini ukikubali kufanya kila kazi kwa awamu mbili, zinabaki 10 na 6. Kumi na sita! Wimbo wa taifa una maneno mengi kuliko hayo. Nilikuwa naandika tatu kila wiki nyuma ya risiti na kuibandika kwenye taa ya meza. Na hizo 16 zinakushusha chini ya 30 bila wasiwasi.

Mjomba mwambie alete viatu.

*Fundi, mambo? Mwanangu mmoja aliufungua mchemraba wa mwenzake wausafishe, wakaurudishia vipande wenyewe. Sasa haupangiki. Unafika mwisho kabisa, kona moja inakataa. Mwenye mchemraba analia, aliyeufungua anaapa hajapoteza kitu. Nani mkweli? — Mama Pacha, Likoni*

Poa, Mama Pacha. Wote wakweli, hakuna kilichopotea. Mchemraba uliorudishiwa vipande kiholela una nafasi 1 tu kati ya 12 ya kupangika. Nyingine 11 zote ni za kilio. Kona inaweza kukaa mahali pake huku imepinda, na hakuna mzunguko wowote duniani utakaoinyoosha kona moja peke yake bila kugusa nyingine.

Kwa unavyoeleza, kilichowapata ni chepesi. Panga mpaka ibaki hiyo kona moja, uishike kwa kidole gumba na cha shahada, uisokote palepale ilipo mpaka rangi zikae sawa. Italia kidogo, "tak", usiogope. Kama siku nyingine kilichogeuka ni ukingo mmoja, zungusha safu ya juu nusu njia, uuchomoe kwa bisibisi bapa au ncha ya kijiko, uugeuze, urudishe. Na siku wakitaka kusafisha tena, waupange kwanza ndipo waufungue, na waurudishe ukiwa umepangwa. Aliyeapa mpe pole.

*Habari za kazi Fundi. Nina elfu arobaini ya kuchezea. Kwenye foleni wanauza kyubu za elfu tano, mtandaoni naona za elfu thelathini na za laki mbili, zote zina pande sita. Tofauti ni nini hasa? Na nikinunua, nipake mafuta gani? — Mpenda Vitu Vizuri, Arusha*

Nzuri, ndugu yangu. Hapa umenigusa pa kazi, nivumilie.

Ule wa foleni ukiufungua ndani utakuta skrubu zimekazwa kila moja kivyake, na vipande vina kona kali ndani. Ukizungusha upande kabla wa kwanza haujanyooka vizuri, unakwama. Mkono unajifunza kungoja, na mkono uliojifunza kungoja ni kazi kuufundisha upya. Hilo ndilo kosa lake kubwa, kuliko hata kelele zake. Mchemraba mzuri unakubali kukatwa kona: safu ya juu ikiwa imepinda, wa kulia bado unapita kwa sababu vipande vimelainishwa ndani vikateleza kwenye njia yake. Jaribu dukani kabla hujatoa hela. Pindisha juu kama theluthi ya njia, kisha uzungushe kulia kwa kidole kimoja. Ukipita bila kubishana, umepata.

Cha pili ni sumaku. Ya kawaida yenye sumaku inazo 48, vidude vidogo kuliko punje ya choroko, kila kona na kila ukingo vikitazamana. Kazi yake ni kuusimamisha upande pale unapotakiwa kusimama, usipitilize. Zamani watu walikuwa wakizibandika kwa mkono na gundi. Siku hizi unanunua zikiwemo, na sioni sababu ya mtu kuanza bila sumaku wakati bei imeshuka hivi.

Kwa elfu arobaini yako, tafuta MoYu RS3M, ambayo ilitoka mwaka 2020 na bado imo kwenye meza za watu wenye kasi kuliko mimi na wewe. Nje inauzwa kama dola 10, hapa ongeza nauli na faida ya muuzaji. QiYi na YJ nao wana za bei hiyo zisizo na aibu. Ukubwa uwe milimita 55 au 56 kila upande. Ya 57 inafaa mikono mikubwa. Chagua ambayo plastiki yenyewe ina rangi, isiwe na stika, maana kwa jasho la kwetu stika zinaanza kunyanyuka pembeni kabla hujajifunza fomula ya tano. Na hizo za laki mbili? Nyingine wameondoa springi wakaweka sumaku zinazosukumana, nyingine unarekebisha nguvu ya sumaku kwa kugeuza kitufe. Nimeshika moja ya mteja. Inateleza kama sabuni. Nilipanga kwa sekunde 19, kama kawaida yangu.

Ukishaununua, toa vifuniko vya katikati, utaona skrubu sita. Legeza au kaza robo mzunguko, zote sita sawasawa, kisha ujaribu. Ukilegea sana vipande vinaruka ukiwa katikati ya kasi, na kuna siku nilitafuta ukingo wa bluu na nyeupe chini ya meza ya jirani anayeuza makava mpaka saa mbili usiku.

Kuhusu mafuta, sikiliza vizuri. Mafuta ya kula hapana, yanaganda yanakuwa gundi ya vumbi. Ya cherehani hapana. Ile dawa ya kupulizia ya kulegeza kutu, tuliyo nayo mafundi wote, hapana kabisa. Nimeipulizia mchemraba ule wa amana, siku mbili ukateleza kama ndoto, siku ya tatu plastiki ikaanza kunata. Kinachotakiwa ni mafuta ya silikoni. Wanauza ya michemraba kwenye vichupa vidogo, na wengine hutumia yale ya shokamzoba za magari ya kuchezea, ni silikoni tupu. Tone moja kwenye mhimili wa kati, tone moja kati ya vipande, kisha uzungushe dakika mbili. Tone, si kijiko. Ukizidisha mchemraba unakuwa mzito kama unazungusha ndani ya uji.

*Mwanangu, mimi nina miaka 63. Kitu hiki nilikiona mara ya kwanza miaka ya themanini, baharia mmoja alikuja nacho Malindi, tukakishindwa kijiwe kizima. Juzi mjukuu kakipanga mbele yangu kwa dakika moja. Je, kwa umri huu na vidole hivi naweza? Na yule aliyekitengeneza alikijua mwenyewe? — Babu wa Unguja*

Shikamoo mzee wangu. Unaweza, tena vizuri, na kijiwe hakikuwa na kosa. Kitu hicho kina mipangilio zaidi ya trilioni milioni 43, na mmoja tu ndio uliokuwa mkiutafuta. Kubahatisha hakusaidii hata kwa umri wa kijiwe chote ukijumlisha.

Aliyekitengeneza ni Ernő Rubik, mwalimu wa usanifu majengo huko Budapest, Hungaria, mwaka 1974. Alipomaliza kukiunda alikivuruga, ndipo akagundua hajui kukirudisha. Ilimchukua kama mwezi mzima. Kwa hiyo wewe na yeye mlianzia mlango mmoja. Mashindano ya kwanza ya dunia yalifanyika Budapest mwaka 1982, akashinda Minh Thai wa Marekani kwa sekunde 22.95. Siku hizi huo ni muda wa mwanafunzi. Juni 2023 Max Park, Mmarekani pia, alipanga kwa 3.13, na Aprili 2025 kijana wa Kichina Xuanyi Geng akafanya 3.05. Miguu ya mchezo ndiyo iliyokimbia, mzee wangu: mchemraba wenyewe umekuwa laini, na njia zimeandikwa.

Kwa vidole vyenye uzito nakushauri mchemraba wenye sumaku ulegezwe kidogo, usihitaji nguvu. Upande uzungushwe kwa kidole cha shahada, kifundo cha mkono kitulie. Zoezi la kuanzia ni hili: kulia kufuata saa, juu kufuata saa, kulia kinyume, juu kinyume. Rudia mara 6 na mchemraba utarudi ulivyokuwa. Ukiuanza umepangwa, utamaliza umepangwa, hakuna cha kuharibika. Mimi huwapa hata wateja wakingoja. Fanya asubuhi na kahawa, vidole vipate moto. Mjukuu akupe somo la msalaba kwanza, basi. Somo la pili mpaka wiki ijayo, usimruhusu akukimbize.

*Fundi, nimejiandikisha mashindano yangu ya kwanza. Nyumbani wastani wangu ni 26 lakini watu wakinitazama mikono inatetemeka naenda 35. Pia sijui huko kunakuwaje. Nijiandae vipi? — Binti wa Eastlands, Nairobi*

Hongera, dada. Kutetemeka hakutaisha, hata wenye rekodi wanatetemeka ukitazama video zao. Ila kunapungua ukishajua kila kitu kitakachotokea, basi nikutembeze.

Mashindano rasmi yanafuata kanuni za WCA, chama cha dunia cha mchezo huu, kilichoanzishwa mwaka 2004. Unapeleka mchemraba wako mezani, unavurugwa na mtu mwingine mahali usipoona, kwa mpangilio uliotolewa na kompyuta, na wenzako wa kundi lako wanapata mpangilio huohuo. Unaletewa umefunikwa. Mwamuzi anakuuliza kama uko tayari, anafunua, sekunde 15 zinaanza. Sekunde ya 8 anakutajia, ya 12 anakutajia tena. Hapo wengi wanashtuka! Mwambie kaka au jirani akupigie kelele za "nane" na "kumi na mbili" nyumbani mpaka uzichoke. Ukichelewa kuanza kati ya 15 na 17 unaongezewa sekunde 2, ukizidi 17 jaribio limekufa.

Saa yenyewe ni ya mezani, unaweka vitanga viwili, taa ya kijani inawaka, ukiinua mikono inaanza. Ukimaliza unauachia mchemraba mezani na kuipiga saa kwa mikono yote miwili. Kama unajipima nyumbani kwa kidole kimoja kwenye simu, hiyo nayo ni sekunde nusu ya mshangao. Fanya mazoezi ya kuanza na vitanga vimelala mezani. Na usiipige saa kabla mchemraba haujakaa sawa: safu ya mwisho ikibaki imepinda kupita nyuzi 45, ni sekunde 2 za nyongeza. Niliwahi kuwapa zawadi sekunde hizo mbili kwenye jaribio zuri kuliko yote ya maisha yangu, na mwamuzi alikuwa mtoto wa miaka kumi na moja, mpole sana, akaandika tu.

Utapanga mara 5. Nzuri kuliko zote inafutwa na mbaya kuliko zote inafutwa, zinazobaki tatu ndizo wastani wako. Hii ndiyo dawa ya mikono yako: una ruhusa ya kuharibu moja, haihesabiwi. Ya kwanza ifanye kwa mapigo ya metronomi kichwani, polepole kama uko peke yako chumbani, hata ikitoka 33. Tatizo la wanaotetemeka ni kwamba wanakimbiza vidole, vidole vinaitangulia akili, halafu wanasimama kutafuta jozi wamepotea. Tumeshamwambia hayo yule wa Morogoro.

Beba mchemraba wako wa kila siku, ule uliouzoea, usinunue mpya wiki hiyo. Wenye Bluetooth hauruhusiwi. Simu iwe begini. Pata maji, ndizi, na kitambaa cha kufutia vitanga. Na kila jaribio likiisha, kabla hujatia saini kwenye karatasi ya mwamuzi, soma alichoandika ulinganishe na saa. Ukishatia saini, 26 iliyoandikwa 28 ni 28.